Sifuri Kumi na Mbili

Liepāja, Januari, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
upepo wa Baltiki unagonga dirisha kama mdai.
Tuko wanne, ghorofani juu ya duka la viatu,
tunaandika, kwa lugha yenye jina la chatu,
programu ya kampuni inayopeleka joto majumbani:
nani kalipa, nani bado, nani aandikiwe onyo.

Onyo lenyewe ni kazi moja fupi, tuma_ujumbe,
makao yake faili la posta.
Mimi, katika faili la madeni, niliiagiza kwa jina,
mstari wa tatu,
kama mtu anayejiandikia namba ya jirani kiganjani.

Jaribio langu lilitaka kibaraka:
mtu wa karatasi asimame pale pa tuma_ujumbe,
aitikie naam, asiguse simu ya mtu,
ahesabu tu ameitwa mara ngapi.
Nikaenda posta. Nikamwondoa mwenyewe,
nikamkalisha kibaraka kitini.
Nikabonyeza.

Ameitwa mara sifuri.

Nikabonyeza tena. Sifuri.
Chai ikapoa, wenzangu wakaaga, nami na ubishi wangu
nikatwanga maji kinuni hadi saa tano usiku,
mara kumi na mbili kwa jumla,
sifuri,
sifuri.

Asubuhi ngazi zililia.
Akaingia Skaidrīte Apse, miaka sabini na tisa,
dereva wa tramu mstaafu,
theluji ingali mabegani,
kwapani kopo la biskuti lililojaa risiti.
Aliiweka simu yake juu ya kibodi yangu.
Jumbe kumi na mbili, zote mkono wangu:
*Joto lako litakatwa kesho saa mbili.*

Namba yake niliichota kwenye orodha ya kweli.
Niliona haina neno; kibaraka hatumi kitu.

Hakunifokea. Alitaka nizihesabu risiti
mbele yake, moja moja, kwa sauti.
Thelathini na sita. Miaka mitatu, hakuna deni.
Jana usiku, alisema akifunga kopo,
alikwenda akaizima bomba mwenyewe, kwa mkono wake,
apate kuizoea baridi mapema.

Gundars, anayekula tufaha pamoja na mbegu,
aliusoma mstari wa tatu, akacheka puani.
"Zaiga, umekwenda kumbadili mtu kwao,
na madeni hawamwiti kwao.
Siku ile walipomwagiza walilichukua jina,
wakalitia mfukoni, likawa lao.
Huko posta weka kibaraka, weka kiti kitupu, weka jiwe:
madeni wanapapasa mfuko wao,
na mfukoni yumo yule yule wa kweli.
Mbadilishe anapoitwa.
Alikozaliwa kuache."

Nikabadili neno moja. Palipokuwa posta, pakawa madeni.
Kijani. Ameitwa mara moja.
Mjini hapakulia simu.

Ningeishia hapo, lakini kibaraka alikuwa mpole mno.
Nilimwita bila namba, akaitikia naam.
Nilimwita kwa jina lenye herufi pungufu, naam.
Nilimpa tarehe, viatu, nusu ya tufaha la Gundars,
naam, naam, na taa ya kijani.
Nikaona mtu asiyejua kukataa hawezi kuwa shahidi.
Basi nikamshona upya kwa kipimo cha yule wa kweli:
vitu viwili, namba na maneno,
ukipunguza apige yowe, ukizidisha apige yowe.

Mteja wa majaribio sasa anaitwa Hayupo,
simu yake ni sifuri tupu, tisa mfululizo.
Skaidrīte tulimwandikia barua, kwa kalamu,
akaijibu kwa mstari mmoja: *Bomba nimefungua.*

Majaribio mia mbili na arobaini, yote kijani,
sekunde nne tu.
Hata hivyo, kila nikishabonyeza,
nanyamaza kidogo,
nasikiliza ngazi.